Kundi Lipo, Waimbaji Walishazikwa: Nani Mwenye Jina la The Drifters?

Julai 2024 alifariki dunia mjini Detroit Abdul Fakir, mzee wa miaka 88 ambaye wapenzi wa soul, muziki wa watu weusi wa Marekani, walimwita Duke. Ndiye aliyekuwa amebaki peke yake kati ya vijana wanne walioanzisha The Four Tops katika miaka ya 1950. Rambirambi zilijaa mitandaoni, wengi wakiandika kwamba sasa kundi ndiyo basi tena. Lakini The Four Tops waliendelea na matamasha yao, na hapo maswali yakaanza. Hawa wanaoimba ni akina nani? Wana haki gani na jina hilo? Huu si utapeli?

Mkanganyiko huu hauko kwa The Four Tops pekee. Ukitafuta mtandaoni The Drifters, kundi jingine la zamani la huko, utakuta picha za vikosi kadhaa visivyofanana hata sura moja, vyote vikijiita The Drifters. The Platters ni vivyo hivyo. Na chini ya video za zamani watu hubishana usiku kucha kama aliyeimba ni fulani au fulani, na mara nyingi kila upande una hoja.

Mambo yanaanza kueleweka tukitenganisha vitu vinne ambavyo sisi wasikilizaji huvichanganya: sauti, wimbo, rekodi na jina. Sauti ni ya mwimbaji. Wimbo, yaani maneno na melodi, ni wa mtunzi. Rekodi kwa kawaida ni ya kampuni iliyogharimia studio. Jina la kundi linaweza kuwa la mtu mwingine kabisa, ambaye pengine hajawahi kushika maikrofoni maishani mwake. Karibu kila ugomvi wa soul ya zamani, na karibu kila machozi yake, yanatoka hapo.

Kundi la sauti si bendi

Kwanza tuyaweke sawa maneno. Soul ni muziki uliozaliwa katika miaka ya 1950, pale waimbaji weusi wa Marekani walipochukua namna ya kuimba ya makanisani mwao, ile ya kuitikiana, kulalama na kupaza sauti mpaka inapasuka, wakaiingiza kwenye nyimbo za mapenzi na za maisha. Mfano unaotajwa zaidi ni Sam Cooke. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa Soul Stirrers, kundi la injili lenye heshima kubwa, kisha mwaka 1957 akavukia upande wa nyimbo za dunia na kushika namba moja nchi nzima. R&B, yaani rhythm and blues, lilikuwa jina la kibiashara ambalo jarida la Billboard lilianza kulitumia mwaka 1949 kwa muziki wa watu weusi, badala ya jina la awali lililotaja rangi waziwazi. Doo-wop ni uimbaji wa vijana wa vichochoroni: sauti tupu, au sauti na ala chache tu za kusindikiza.

Motown je? Wengi husema wanapenda "muziki wa Motown" kana kwamba ni aina ya muziki kama rumba au taarab. Motown ni kampuni. Berry Gordy, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, aliianzisha Detroit mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa akiba wa familia yao. Memphis kulikuwa na Stax, New York kulikuwa na Atlantic. Ni kweli kwamba nyimbo za Motown zinatambulika mara tu zinapoanza, na sababu yake haina uchawi: waimbaji walikuwa wengi, lakini wapigaji walikuwa walewale.

Hili la wapigaji ndilo linalotupotosha sisi watu wa Afrika Mashariki zaidi kuliko jingine. Tukisikia kundi la muziki tunafikiria magitaa, tarumbeta, tumba na mpiga solo anayejulikana kwa jina. The Temptations, The Supremes, The Four Tops na The Drifters walikuwa makundi ya sauti. Kazi yao ilikuwa kuimba na kucheza kwa mpangilio. Ala zilipigwa studio na wanamuziki wa kuajiriwa, ambao kule Motown walijulikana kama The Funk Brothers. Watu hao walipiga kwenye nyimbo zilizotikisa dunia, na majina yao hayakuandikwa kwenye jalada la albamu ya Motown mpaka mwaka 1971.

Sasa fikiria inavyoonekana ukiwa umekaa kwenye kiti cha mwenye kampuni. Wapigaji ni wako. Watunzi ni waajiriwa wako. Hatua za dansi zinafundishwa na mwalimu wako, Cholly Atkins, na namna ya kuketi, kutembea na kujibu waandishi wa habari inafundishwa na mwalimu wako mwingine, Maxine Powell. Ni rahisi sana, ukiwa hapo, kuamini kwamba mwimbaji naye ni kifaa: akisumbua, unabadilisha. Imani hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, na ilikuwa na ukatili mwingi pia.

Sauti tano za The Temptations

Ili kuona ukweli huo na mipaka yake, sikiliza The Temptations kwa makini. Walipatikana Detroit kwa kuunganishwa makundi mawili ya vijana, na kufikia mwaka 1964 walikuwa watano wafuatao. Melvin Franklin, besi nzito ya chini kabisa. Paul Williams, baritoni. Otis Williams, katikati, ambaye hakuongoza nyimbo mara nyingi. Eddie Kendricks, teno ya juu laini inayopanda mpaka falseto, ile sauti nyembamba ya juu kabisa. Na David Ruffin, aliyejiunga mwanzoni mwa mwaka huo, mwenye teno yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyelia kanisani tangu utotoni.

Mtu aliyeimba kwaya anaelewa mara moja: kila mmoja ana mstari wake, na ukimtoa mmoja pengo linasikika. Ila tofauti na kwaya, kundi la soul lina kiongozi, yule anayesimulia hadithi huku wengine wakiitikia. Mpaka wakati huo nyimbo za The Temptations ziliongozwa zaidi na Kendricks na Paul Williams. Smokey Robinson, mwimbaji na mtunzi wa Motown, alimsikia Ruffin jukwaani akaona mgodi ambao haujachimbwa. Yeye na mwenzake Ronald White wakatunga "My Girl" kwa ajili ya sauti hiyo.

Ufungulie sasa hivi kama unao. Gitaa la besi la James Jamerson, mmoja wa The Funk Brothers, linaanza peke yake. Gitaa la Robert White linaingia na kupanda nota sita, ngazi kwa ngazi. Vidole vinaalishwa. Kisha Ruffin anaingia, na jambo la kustaajabisha ni kwamba hapigi kelele: mtu mwenye sauti ya kupasua paa anaizuia, anaibembeleza, na unasikia nguvu aliyoiweka akiba. Nyuma yake wale wanne wanajenga ukuta, mmoja baada ya mwingine. Baada ya vinanda vya nyuzi wimbo mzima unapandishwa ufunguo, na hapo ndipo Ruffin anajiachia kidogo. Machi 1965 ukawa namba moja Marekani, wa kwanza kwa kundi hilo.

Wimbo huo uliwafanya matajiri wa umaarufu, na uliwaletea tatizo. Umma ukaanza kumwona Ruffin kuwa ndiye kundi. Mwaka 1967 Motown ilibadilisha jina la The Supremes kuwa Diana Ross and the Supremes, na Ruffin akataka na jina lake litangulizwe vivyo hivyo. Wenzake wakakataa. Akawa anakosa maonyesho na kusafiri kivyake. Mwaka 1968 wakamfukuza, nafasi ikachukuliwa na Dennis Edwards. Kwa muda Ruffin alikuwa akijitokeza kwenye matamasha yao, anapanda jukwaani na kuichukua maikrofoni, na ukumbi unalipuka kwa shangwe.

Kwa kila mantiki ya mashabiki, kundi lilipaswa kufa pale. Halikufa. Edwards alikuwa na sauti kali zaidi, mtayarishaji Norman Whitfield akawageuzia muziki uwe mzito na wa mitaani, na wakapata tuzo yao ya kwanza ya Grammy, ambayo pia ilikuwa ya kwanza kwa Motown yote. Kendricks aliondoka mwaka 1971, Paul Williams mwaka huohuo. Ruffin alifariki mwaka 1991, Kendricks mwaka 1992, Franklin mwaka 1995. Aliyebaki na jina ni Otis Williams, yule wa katikati ambaye hakuongoza nyimbo mara nyingi.

Wapo wanaomdharau kwa hilo. Mimi siwaungi mkono. Kundi la sauti linahitaji mtu anayefika mazoezini kwa wakati, anayepatanisha, anayekumbuka mstari wa kila mtu na kumfundisha mgeni. Kazi hiyo haisikiki kwenye rekodi, lakini bila yeye hakuna rekodi. Na tofauti na makundi mengi, jina la The Temptations liko mikononi mwa mtu aliyekuwepo tangu siku ya kwanza.

Jina kama mali: hadithi ya The Drifters

Kwa The Drifters mambo yalikwenda kinyume kabisa. Kundi lilianzishwa mwaka 1953 na Clyde McPhatter, teno ambayo wengi walijaribu kuiga na wachache waliweza, chini ya kampuni ya Atlantic. Alipoingia jeshini na kisha kuamua kuimba peke yake, sehemu yake ya umiliki ilikwenda kwa meneja George Treadwell. Kuanzia hapo The Drifters wakawa mali ya Treadwell, na waimbaji wakawa waajiriwa wanaolipwa kwa wiki. Jina linapanda thamani, mshahara uko palepale.

Mwaka 1958 waimbaji walikuwa wamechoka na malipo, na baada ya mvutano katika ukumbi wa Apollo, mtaa wa Harlem huko New York, Treadwell aliwafukuza wote kwa mkupuo. Shida ni kwamba alikuwa na mikataba ya maonyesho ya The Drifters. Akatazama kundi jingine la vijana wa Harlem, The Five Crowns, akawaambia kuanzia sasa nyinyi ndio The Drifters.

Vijana hao wakaingia barabarani wakiwa na jina la watu wengine na nyimbo za watu wengine. Watazamaji waliokuja kusikia sauti walizozizoea waliwazomea. Kati yao alikuwemo Benjamin Nelson, tunayemjua kama Ben E. King. Mwaka 1959 wakarekodi na vinanda vya nyuzi, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa R&B, na mwaka 1960 "Save the Last Dance for Me" ukashika namba moja. Mwaka huohuo Ben E. King akaomba sehemu ya haki ya mafanikio hayo. Akakataliwa, akaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Rudy Lewis, naye akafariki ghafla mwaka 1964 mkesha wa siku ya kurekodi. Kesho yake studio haikuahirishwa: Johnny Moore, aliyewahi kuwa katika kikosi cha zamani, akasimama mbele ya maikrofoni akaongoza.

Nikisikiliza The Drifters wa 1959 hadi 1964 nakiri kwamba ndio niwapendao zaidi, na hilo linaniuma, maana uzuri wote ule ulijengwa juu ya kitendo cha kuwanyang'anya watu jina walilolitolea jasho. Yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Msomaji wa Tanzania ana mfano wa karibu wa kuelewea hili. NUTA Jazz Band ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vya chama, wanamuziki waajiriwa wa chama. Chama kilipobadilika, bendi nayo ilibadili jina ikawa JUWATA, baadaye OTTU, mpaka Msondo Ngoma ya leo. Wanamuziki waliingia na kutoka, wengine wakaenda kuianzisha Mlimani Park, na hakuna aliyeondoka na jina la bendi. Hakuna shabiki wa Msondo anayeona ajabu kwamba wanaopiga leo si wale wa 1964. Tofauti ni kwamba hapa kwetu ilijulikana waziwazi bendi ni ya chombo gani, wakati kule Marekani jalada la santuri lilimfanya msikilizaji aamini kwamba jina na sura ni kitu kimoja.

Treadwell alifariki mwaka 1967, mkewe Faye akaendelea kulisimamia jina, na katika miaka ya 1970 akahamishia nguvu zake Uingereza, ambako The Drifters wakiongozwa na Johnny Moore walipata umaarufu mpya. Moore alifia London mwaka 1998. Huku nyuma Marekani Bill Pinkney, mmoja wa wale wa zamani, alikuwa akizunguka na kikosi alichokiita Original Drifters, na Charlie Thomas, aliyeingia na kina Ben E. King, alikuwa na chake. Kwa hiyo unapoona mabango matatu, usikimbilie kusema mawili ni ya wezi. Inawezekana moja lina haki ya kisheria bila mwimbaji hata mmoja wa rekodi za zamani, na jingine lina mwimbaji halisi asiye na haki kamili ya jina.

The Platters ni ugomvi wa namna hiyohiyo. Mwaka 1956 meneja wao Buck Ram alisimamia kuundwa kwa kampuni ambamo waimbaji walipewa hisa. Muda si mrefu hisa zikawa mikononi mwake. Ram alikuwa pia mtunzi wa nyimbo zao kubwa, kwa hiyo kati ya vile vitu vinne nilivyovitaja, viwili vilikuwa vyake. Waimbaji walipotawanyika, kila mmoja akaunda The Platters wake, na kesi zikafuatana kwa miongo. Herb Reed, mwenye sauti ya besi na mmoja wa waanzilishi, alipata uamuzi wa mahakama Nevada uliomtambua kuwa mwenye haki ya jina mwaka 2011. Alifariki mwaka uliofuata.

Hata Michael Jackson na kaka zake waliionja hali hii. Walipoihama Motown katikati ya miaka ya 1970 kwenda kampuni ya Epic, jina la The Jackson 5 lilibaki Motown. Ndiyo maana rekodi zao zilizofuata zimeandikwa The Jacksons. Ni jina la ukoo wao, na bado halikuwa lao kulitumia walivyozoea.

Na haki ya jina hubadilika kutoka nchi hadi nchi. The Spinners wa Detroit, ambao Septemba 1974 waliimba Kinshasa pamoja na James Brown na B.B. King kwenye tamasha lililotangulia pambano la Ali na Foreman, waliuzwa Uingereza kwa jina la Detroit Spinners, kwa sababu huko tayari kulikuwa na kundi la nyimbo za asili lililoitwa The Spinners. Ukiona majina mawili kwenye santuri zao, ni kundi lilelile.

Jina kwenye santuri, sauti ya mtu mwingine

Kuna imani kwamba angalau rekodi haidanganyi: kama jalada linasema The Crystals, kundi la wasichana wa New York, basi ni The Crystals wanaoimba. Si hivyo daima.

Mwaka 1962 mtayarishaji Phil Spector alitaka kuharakisha kurekodi wimbo "He's a Rebel" Los Angeles kabla ya mtu mwingine kuuwahi. The Crystals walikuwa New York. Spector, ambaye alikuwa na mamlaka juu ya jina lao, akamwita Darlene Love na wenzake wa kundi la The Blossoms, akawalipa kwa kazi ya studio, kisha akatoa wimbo kwa jina la The Crystals. Ukawa namba moja. The Crystals wenyewe walijikuta wakilazimika kujifunza kuimba jukwaani wimbo uliokuwa "wao". Darlene Love aliishi miaka mingi akijisikia redioni kwa jina la watu wengine. Katika miaka ya 1990 alimpeleka Spector mahakamani akashinda, na mwaka 2011 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa rock and roll kwa jina lake mwenyewe.

Kwa The Supremes hali ilikuwa ya ndani zaidi. "Someday We'll Be Together", namba moja yao ya mwisho, uliotoka mwaka 1969 kama kwaheri ya Diana Ross, hauna sauti ya wenzake wa kundi, Mary Wilson na Cindy Birdsong. Waitikiaji ni wanawake wa studio. Wimbo wa kuahidiana kuonana tena ulirekodiwa bila wale wanaoagwa.

Na yuko Florence Ballard, ambaye sitaweza kuandika makala ya soul bila kumtaja. Ndiye aliyekuwa mhimili wa kuanzishwa kwa kundi hilo katika nyumba za gharama nafuu za Brewster huko Detroit, wakati likiitwa The Primettes, na waliomsikia wanasema sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya wote watatu. Aliondolewa mwaka 1967. Makubaliano ya kuondoka yalimzuia kujitangaza kama mwimbaji wa zamani wa The Supremes. Hebu tafakari maana yake: unaanza upya, unatafuta ukumbi, na huruhusiwi kusema ulifanya nini miaka yote iliyopita. Alifariki mwaka 1976 akiwa na miaka 32.

Pesa zilikwenda wapi?

Watu hudhani kila wimbo wa zamani unapopigwa redioni, mwimbaji anapata chochote. Marekani haiko hivyo. Redio za kawaida za nchi hiyo hulipa mrabaha kwa mtunzi na mchapishaji wa wimbo. Mwimbaji na mwenye rekodi hawalipwi chochote kwa kupigwa hewani.

Chukua "Respect". Otis Redding aliutunga na kuuimba mwaka 1965. Aretha Franklin aliurekodi upya mwaka 1967, akaongeza kile kipande cha kutaja herufi moja moja ambacho hakikuwepo kwa Otis, akaugeuza kuwa madai ya wanawake na ya watu weusi wote. Dunia inaujua kama wimbo wa Aretha. Lakini kwa miongo yote uliyopigwa kwenye redio za Marekani, malipo ya redio yalikwenda upande wa Otis, ambaye ndiye mtunzi, na baada ya kifo chake Desemba 1967, kwa warithi wake.

Hapa ndipo Ben E. King anatupa somo zuri kuliko yeyote. Kama mwimbaji wa The Drifters alipewa mshahara. Baada ya kuondoka alitunga "Stand by Me" pamoja na Jerry Leiber na Mike Stoller, akautoa mwaka 1961. Ulipotumiwa kwenye filamu ya jina hilo mwaka 1986 ulirudi tena kwenye kumi bora, robo karne baadaye, na kila ulipopigwa yeye alilipwa kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye safu ya watunzi. Mtu yuleyule, sauti ileile. Kilichobadilika ni karatasi.

Mauzo ya santuri nayo yalikuwa na mtego wake. Kampuni humtangulizia mwimbaji fedha, kisha gharama za studio na matangazo, na wakati mwingine hata za nguo na safari, hukatwa kwenye sehemu yake kabla hajaona senti. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa na wimbo namba moja na bado vitabu vya kampuni vikaonyesha anadaiwa. Nisiseme wote waliibiwa. Zipo kampuni zilizolipa kwa uaminifu, na wapo waimbaji waliosoma mikataba vizuri. Lakini vijana wa miaka 17 wakisaini bila wakili, mara nyingi wazazi wao wakiwa hawajawahi kuona karatasi kama ile, hawakuwa na namna ya kupima walichokuwa wakikitoa.

Hali imelegea kidogo kwenye redio za intaneti na za setelaiti. Huko mwimbaji analipwa: nusu inakwenda kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa wapigaji na waitikiaji. Sheria ya mwaka 2018 ilihakikisha kwamba hata rekodi za kabla ya 1972, yaani soul karibu yote tunayoizungumzia hapa, zinahesabiwa. Wengi walikuwa wameshafariki.

Basi ni kundi feki au la?

Majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yamepitisha sheria za kuzuia makundi bandia, na mmoja wa waliozipigania sana alikuwa Mary Wilson wa The Supremes. Kwa ufupi, sheria hizo zinasema kikosi kinaweza kutumia jina maarufu kama kina mwimbaji aliyekuwepo kwenye rekodi na mwenye haki ya jina, au kama kinamiliki alama ya biashara iliyosajiliwa, au kama kinatangaza wazi kwamba kinaenzi tu kundi la zamani.

Angalia sharti la pili. Alama ya biashara iliyosajiliwa inatosha. Maana yake ni kwamba sheria inamkamata tapeli wa mtaani anayekodi vijana wanne na suti, lakini mwenye alama akiwa na vijana hao wanne na suti, yuko salama. Hiyo ndiyo hali ya makundi mengi leo. Ni halali, na hakuna aliyeimba kwenye rekodi unayoipenda.

Ndiyo maana ningekushauri usisome jina la kundi peke yake kwenye tangazo la tamasha. Tafuta jina la mtu. Bango linalosema The Temptations leo linamaanisha Otis Williams na waimbaji aliowachagua na kuwafundisha yeye. The Four Tops walikuwa na bahati isiyo ya kawaida: wale wanne walikaa pamoja bila kubadilishana tangu katikati ya miaka ya 1950 mpaka Lawrence Payton alipofariki mwaka 1997, na waliofuata waliingizwa mmoja mmoja, wakisimama jukwaani pamoja na Fakir kwa miaka mingi. Kuna urithi wa kweli hapo, wa mtu kumfundisha mtu. Lakini tangazo lenye jina la kundi, picha ya vijana na hakuna jina la mtu hata mmoja linakuambia jambo moja tu: kuna mtu mahali fulani mwenye cheti cha alama ya biashara.

Na ukinunua au kusikiliza rekodi, fungua sehemu ya taarifa za wimbo uangalie watunzi na mwaka wa kurekodiwa. Baadhi ya makundi yalirudia nyimbo zao kubwa miaka ya baadaye kwa kampuni nyingine, na marudio hayo yamejaa kwenye mikusanyiko ya bei nafuu yakiwa na picha zilezile za ujana. Kwa The Drifters, mwaka ukiwa kati ya 1959 na 1960 anayeongoza mara nyingi ni Ben E. King. Kuanzia 1961 hadi mwanzoni mwa 1964 ni Rudy Lewis kwa sehemu kubwa. Baada ya hapo, Johnny Moore.